MASHINI YA VISI MBILI: NAMNA KOMPYUTA INAHESABU MWENDO NA MOTO NDANI YAKE



Katika namba hii tunataka kusema juu ya mashini moja ambayo wengi wetu hatujaiona, lakini kazi yake tunaishika kwa mikono kila siku. Ganda la plastiki juu ya waya wa umeme, tuyo la PVC linaloleta maji, rangi iliyo ndani ya basani na bido: mara nyingi vyote vimepita kwanza ndani ya mashini hiyo. Hata unga wa mahindi na soya, ule wanapewa watoto waliokonda kwa kukosa chakula kizuri, viwanda vingi vinaupikia humo. Wafundi wanaiita ekstrudeze ya visi mbili. Sisi tutaiita tu mashini ya visi mbili.

Wengine watauliza: mambo hayo yanatuhusu nini sisi wa Mutshatsha? Tutajibu kwa mwisho. Kwanza tuelewe mashini, kisha tuone namna kompyuta, ile tunaita ordinatere, inahesabu mambo yanayopita mahali ambapo jicho la mtu haliwezi kufika.

1. Mashini yenyewe

Mashini ya visi moja munaijua tayari: ni ile ya kusagia nyama. Nyama inaingia juu, visi inazunguka, nyama inasukumwa mpaka inatokea kwenye matundu. Sasa fikirini bomba nene la chuma lenye visi mbili ndefu, moja kando ya ingine, meno ya hii yakiingia ndani ya mifereji ya ile. Bomba linapashwa moto kwa umeme, na pia kuko njia za maji ya kulipoza. Upande mmoja kuko mlango wa kuingizia kitu kikavu, ni kusema unga ao chembe za plastiki. Upande mwingine kuko mdomo mwembamba wa kutokea.

Mwishoni mwa miaka ya 1930, Mwitalia Roberto Colombo alitengeneza mashini ya namna hiyo ambamo visi zote mbili zinazunguka upande mmoja. Katika miaka ya 1940, Mjerumani Rudolf Erdmenger na wenzake walitafuta kwa jeometria umbo la visi zinazojisafisha zenyewe: ncha ya visi hii inafuta ubavu wa ile, na hakuna kitu kinabaki kuoza ao kuungua kwenye kona. Kampuni ya Werner & Pfleiderer ya Stuttgart ilipata ruhusa ya kutumia kazi hiyo, na katika miaka ya 1950 ikaanza kuuza mashini zinazojulikana mpaka leo kwa jina la ZSK.

Kuko pia visi zinazozunguka kila moja upande wake. Zile zinasukuma kitu kwa hakika kama pampu, na zinakipasha moto kidogo kwa kukisugua. Kwa hiyo zinapendwa sana kwa kutengeneza matuyo ya PVC, juu PVC ikipata moto kupita kiasi inaanza kuharibika na kutoa gesi ya asidi inayokula hata chuma cha mashini. Sisi tutafuata zaidi zile zinazozunguka upande mmoja.

Visi hizo hazichongwi kwa chuma kimoja. Ni vipande vinavyovalishwa juu ya nondo, kama shanga kwenye uzi. Kuko vipande vya kusukuma mbele, kuko vipande vya kurudisha nyuma, na kuko sahani nene za kukanda. Fundi anapanga shanga hizo namna anavyotaka. Njo hapo matata inaanza: kuko namna nyingi sana za kuzipanga, na kujaribu kila namna kwa mashini yenyewe kunakula siku, umeme na magunia ya mali.

2. Mashini inayokula pasipo kushiba

Mashini ya kusaga nyama inajaa kwa kawaida. Mashini ya visi mbili ni tofauti: inalishwa kidogo kuliko inavyoweza kumeza. Kipimo cha kulisha kinatawaliwa na mashini ndogo ya pembeni, na mwendo wa visi unatawaliwa na motere. Mambo hayo mawili hayafungani.

Kwa hiyo ndani ya bomba sehemu zingine ziko nusu tupu, na zingine zimejaa kabisa. Mahali pa kujaa ni mbele ya kizuizi: kipande cha kurudisha nyuma, sahani za kukanda, ao mdomo wa kutokea. Pale kitu kinasongamana, presio inapanda, na ile presio inajaribu kukirudisha nyuma. Visi zinavuta mbele, presio inasukuma nyuma. Kinachopita kweli ni tofauti ya hizo mbili. Mtu akisimama inje ya bomba hawezi kuona ni mahali gani pamejaa na mahali gani ni patupu. Na kujua hilo ni lazima, juu mahali palipojaa njo pale kuchanganya na moto vinafanyika zaidi.

3. Moto unatoka wapi?

Mtu atajibu haraka: unatoka kwa umeme unaopasha bomba. Ni kweli, lakini ni sehemu moja tu, na mara nyingi ni sehemu ndogo.

Munajua bukari. Mama akianza kutia unga ndani ya maji ya moto, mwiko unatembea vyepesi. Kisha wanga unavimba, na mkono unaanza kuchoka. Upinzani huo wa kitu kutiririka tunauita mnato. Mnato wa maji ni karibu 0,001 kwa kipimo cha paskali-sekunde. Mnato wa plastiki iliyoyeyuka unaweza kufika 1.000, ni kusema mara milioni moja ya maji. Kukoroga kitu kama hicho kunaomba nguvu nyingi, na nguvu hiyo haipotei: inageuka kuwa moto. Ni sawasawa na kusugua mikono asubuhi ya baridi mwezi wa sita.

Tuchukue mfano wa visi zenye upana wa milimetre 50, zinazozunguka mara 300 kwa dakika, ni kusema mara 5 kwa sekunde. Ncha ya visi inakimbia 3,14 × 0,05 × 5, ni karibu metre 0,79 kwa sekunde. Si mwendo mkubwa, mtu akitembea pole anaufikia. Lakini kati ya ncha na ukuta wa bomba kuko nafasi ya nusu milimetre tu. Gawanya 0,79 kwa 0,0005: kitu kilicho pale kinasuguliwa kwa kipimo cha karibu 1.600 kwa sekunde. Ndani ya mufereji wa visi, wenye kina cha milimetre 9, kipimo ni karibu 90 tu. Moto wa kusugua unapanda kufuatana na kipimo hicho kikizidishwa kwa chenyewe. Ingawa mnato wa plastiki unapungua mahali inaposuguliwa sana, bado pembeni ya ncha kuko moto mkali na katikati ya mufereji kuko moto kidogo, ndani ya bomba moja, kwa saa ile ile.

Sasa tuhesabu mashini nzima. Tuseme inapitisha kilo 100 za plastiki ya polipropileni kwa saa, na motere inatia ndani kilowati 20. Kwa saa moja ni kilojuli 72.000, basi kila kilo inapokea kilojuli 720. Kutoa kilo moja kwenye digri 25 mpaka 220 na kuiyeyusha kunaomba karibu kilojuli 540. Zinabaki 180. Zitaenda wapi? Kama maji ya kupoza hayaziondoe, zitapandisha joto mpaka plastiki iungue. Ni kusema mashini ambayo watu wanafikiri inataka kupashwa moto, ikisha kuanza kazi inataka kupozwa.

4. Chungu kidogo na chungu kikubwa

Kuko mtego mwingine. Bukari ya watu wawili inapoa mbio. Bukari ya arusi inakaa na moto mpaka mangaribi. Sababu ni jeometria. Ukizidisha upana wa kitu mara 2, ngozi yake inakuwa mara 4, lakini ndani yake inakuwa mara 8. Moto unazaliwa ndani, unatokea kwa ngozi.

Basi kiwanda kikijaribu unga ao plastiki kwa mashini ndogo ya laboratware na kupata kazi nzuri, hakina ruhusa ya kuamini kwamba mashini kubwa itafanya vile vile. Kubwa haipozi vizuri kama ndogo. Watu waliokuwa wakizidisha vipimo kwa akili ya kawaida tu walipata mali iliyoungua. Hapo njo wahesabu waliitwa.

5. Namna ya kuhesabu

Kompyuta haina uchawi. Inafuata sheria tatu ambazo munazisoma katika fizika: kitu hakipotei, nguvu zinasawazana, enerji haipotei.

Sheria ya kwanza, fikirini gare yetu. Vagoni zilizoingia kutoka Kolwezi, ukitoa zile zilizoondoka kwenda Dilolo, ni vagoni zinazobaki gare. Hakuna vagoni inayozaliwa ao kufa njiani. Programu inakata nafasi yote ndani ya bomba kuwa vyumba vidogo, elfu na elfu, na inashika buku la hesabu la kila chumba: kiasi gani kimeingia, kiasi gani kimetoka, moto gani umezaliwa, moto gani umepita kwa ukuta. Kila chumba ni gare ndogo.

Matata ni kwamba majibu yanafungana. Moto unapunguza mnato. Mnato ukipungua, kusugua kunazaa moto kidogo. Basi huwezi kujua moto pasipo mnato, na huwezi kujua mnato pasipo moto. Dawa yake ni kukisia, kuhesabu, kusahihisha, na kurudilia mpaka jibu lisibadilike tena.

Tufanye pamoja kwa mkono. Chukueni sehemu moja ya sahani za kukanda. Kwa kilo 100 kwa saa, kupandisha joto la plastiki inayopita kwa digri 1 kunaomba wati 64. Plastiki inaingia na digri 200. Kwa joto hilo kusugua kunazaa wati 3.000, na maji ya kupoza yanaondoa 1.000. Tuweke pia kwa mfano wetu kwamba kila digri inayoongezeka inapunguza kusugua kwa wati 32.

Mara ya 1: hatujui kitu, tunakisia kwamba joto halipande. (3.000 − 1.000) : 64 = digri 31.
Mara ya 2: kama ni 31, kusugua kunashuka kwa 31 × 32 = 992. Kunabaki 2.008. Ukitoa 1.000 na kugawanya kwa 64, unapata 16.
Mara ya 3: kwa 16, unapata 23.
Mara ya 4: kwa 23, unapata 20.
Mara ya 5: kwa 20, unapata 21.
Mara ya 6: kwa 21, unapata tena 21.

Tumefika. Plastiki inatoka na digri 221. Angalieni: mtu aliyesimama kwa mara ya kwanza angesema 231, na angekosa kwa digri 10. Kwa mali zingine digri 10 ni tofauti kati ya kazi nzuri na kazi ya kutupa. Yale tumefanya mara 6 kwa chumba kimoja, kompyuta inayafanya kwa vyumba vyote, na inarudilia maelfu ya mara. Ni kazi ile ile. Yeye hachoki tu.

6. Programu za namna mbili

Namna ya kwanza inafuata bomba kwa urefu wake tu, kipande kwa kipande, kama mtu anayehesabu vituo vya reli. Mfano ni programu Ludovic, iliyotengenezwa Ufaransa na Bruno Vergnes, Guy Della Valle na Laurent Delamare, na kuelezwa kwa maandishi mwaka wa 1998. Akili yake ni nzuri: inaanza kwa mwisho. Kwenye mdomo wa kutokea tunajua kwamba bomba limejaa na kwamba presio ya inje ni ya hewa tu. Basi inakisia joto la mwisho, inahesabu ikirudi nyuma mpaka mahali kitu kilipoyeyukia, na inaangalia kama joto la pale ni lile la kuyeyuka kweli. Kama hapana, inakisia upya. Hesabu hiyo inaisha kwa muda mfupi hata kwa kompyuta ya kawaida.

Namna ya pili inaangalia pande zote tatu: urefu, upana na kina. Hapo kuko shida kubwa, juu visi zinazunguka, na umbo la nafasi ndani ya bomba linabadilika kila wakati. Kukata vyumba upya kwa kila hatua kungechosha. Programu Polyflow, iliyozaliwa katika miaka ya 1980 kwenye Chuo Kikuu cha Louvain, Ubelgiji, kwenye kikundi cha profesa Marcel Crochet, ilipata njia ya kupita pale: vyumba vya bomba vinabaki mahali pao, vyumba vya visi vinazunguka juu yao, na chumba chochote ambacho visi imekifunika kinaambiwa: hapa kimbia kwa mwendo wa visi. Namna hiyo inaonyesha hata ncha ya visi, lakini inakula siku nzima ao zaidi kwa sehemu ndogo tu ya mashini. Kwa sehemu zilizo nusu tupu, watu wengine wanaacha vyumba na wanafuata matone, kila tone likihesabiwa peke yake pamoja na majirani zake.

Wafundi wenye busara wanatumia zote mbili: ya kwanza kwa kuona mashini nzima, ya pili kwa kuchungulia mahali penye hatari.

7. Mahali kompyuta inadanganya

Tusikie neno hili vizuri. Kompyuta itatoa jibu hata ukiilisha uongo, na jibu hilo litakuwa na rangi nzuri kabisa. Kama mnato haukupimwa kwa mali ile ile na kwa joto lile lile, hesabu yote ni bure. Vilevile kujua kiasi gani cha moto kinapita kwa ukuta wa chuma ni kitu cha kupima, hakitoki kwa kichwa. Unga wa mahindi ni mgumu zaidi kuliko plastiki, juu unabadilika njiani: wanga unavimba na kuvunjika, maji yanakuwa mvuke kwenye mdomo, na kilichotoka si tena kilichoingia.

Kwa hiyo hesabu inapimwa. Wanatia rangi kidogo mlangoni na kuhesabu sekunde mpaka itokee. Wanaweka kipimo cha presio ndani ya bomba. Wanasimamisha mashini kwa rafla, wanachomoa visi, na kuangalia ni wapi pamejaa. Na kipimo cha joto kilichopigiliwa kwenye ukuta hawakiamini haraka, juu mara nyingi kinasoma joto la chuma kuliko la plastiki.

8. Yanatuhusu nini?

Tuliahidi kujibu.

Kwanza ni watoto. Ndani ya soya mbichi kuko kitu kinachozuia tumbo kusaga protini, moto unakiua. Lakini moto ukizidi unaharibu lisini, sehemu ya protini ambayo mahindi hayana nyingi na ambayo soya ililetwa kuiongeza. Moto kidogo, chakula hakifai. Moto mwingi, chakula hakifai. Kati ya hizo mbili kuko njia nyembamba, na mama anayepokea kipimo chake cha unga hawezi kuiona kwa macho. Alihesabiwa na mtu asiyemjua.

Pili ni udongo wetu. Katika mwaka wa 2023, zaidi ya 70 kwa 100 ya kobalti yote iliyochimbwa duniani ilitoka Kongo, na sehemu kubwa yake huku Lualaba. Inaondoka, inasafishwa mbali, na unga wake unaingia ndani ya betri. Mbele ya kuwa betri, unga huo unachanganywa na kaboni na gundi kuwa uji mzito, na viwanda vingine vinafanya kazi hiyo kwa mashini ya visi mbili. Uji usipochanganyika vizuri, betri ni mbaya. Mwezi wa nne wa 2022 Kongo na Zambia walipatana kutengeneza betri pamoja, na mwaka ule ule kituo cha kuchunguza mambo ya betri kilianzishwa kwenye Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Makubaliano yanaandikwa kwa siku moja. Watu wa kuhesabu mnato, presio na moto wanafundishwa kwa miaka kumi, na mwanzo wake ni kalasi kama zetu.

Ninyi wa seksioni ya hesabu na fizika, chukueni karatasi na mufanye tena hesabu ya namba 5, lakini maji ya kupoza yaondoe wati 1.500 pahali pa 1.000. Shikeni desimali moja, na muendelee mpaka jibu lisibadilike. Anayepata jibu amuonyeshe mwalimu wa fizika na njia aliyofuata, mara kwa mara, pasipo kuruka hatua. Kompyuta hatuna lazima nayo kwa hiyo, biki inatosha.